Sauti ya WhatsApp, homa ya mtoto na siku mbili zilizopotea

Januari 2025 mtoto wa dada yangu alipata homa. Alikuwa na miaka mitatu, na anaishi na wazazi wake Muleba, upande wa Kamachumu. Homa ilimpanda Alhamisi usiku. Siku mbili kabla, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limetangaza kuwa mkoani Kagera kuna watu wanaoshukiwa kuugua Marburg, na wilaya zilizotajwa zilikuwa mbili: Biharamulo na Muleba.

Ijumaa asubuhi dada hakumpeleka mtoto zahanati. Jumamosi hakumpeleka pia. Mama mkwe wake alimchemshia mtoto mubirizi, akamkanda kwa kitambaa chenye maji, akampa uji. Jumamosi usiku mtoto alikakamaa, macho yakageuka juu, akaanza kutikisika mikono na miguu. Ndipo shemeji alipokimbia kumwamsha kijana wa bodaboda.

Dada si mtu asiyejua. Amesoma hadi kidato cha nne, kadi ya kliniki ya mtoto ameitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kwa kawaida mtoto akipata joto kidogo tu yeye ni wa kwanza kwenye foleni. Safari hii alibaki nyumbani kwa sababu ya sauti moja ya WhatsApp ya dakika mbili hivi. Na mimi ndiye niliyeiweka sauti hiyo kwenye kundi la familia. Dada ameniruhusu kuyaandika haya, kwa sharti kwamba sehemu yangu nisiiruke.

Sauti yenyewe nilitumiwa na rafiki niliyesoma naye chuo, anayeishi Dar es Salaam. Ni mwanamume, anazungumza kwa utulivu, anasema yeye ni daktari wa hospitali kubwa Mwanza. Jina hataji. Anadai kwamba Kagera nzima mtoto yeyote akifikishwa hospitali akiwa na homa ananyang'anywa mzazi wake na kupelekwa kambini. Kwamba ugonjwa wenyewe umeletwa kwa njia ya chanjo. Na kwamba anayefia huko hazikwi na ndugu zake. Mwishoni anaomba isambazwe haraka "kabla hawajaifuta".

Mimi ni mwandishi wa afya. Niliisikiliza nikaona haina kichwa wala miguu, lakini nilikuwa na kazi nyingine mkononi, nikaitupa kwenye kundi la familia na maneno manne: "Hii ni kweli jamani?" Nilidhani ninauliza. Kumbe mtu akibonyeza kusambaza sauti, swali lililoandikwa chini yake haliendi nayo. Jioni ileile sauti ilikuwa imeingia kwenye kundi la wazazi wa chekechea anakosoma mtoto wa jirani yake dada, bila alama ya kuuliza, na mtu mmoja alikuwa ameongeza kwamba imetoka kwa "mwandishi wa habari wa Bukoba".

Siku sita za mkanganyiko

Kabla hatujawacheka walioamini, tuangalie kalenda. WHO ilitoa taarifa yake tarehe 14 Januari: watu tisa wanashukiwa, wanane wamefariki. Kufikia tarehe 15, Wizara ya Afya, chini ya waziri wa wakati huo, Jenista Mhagama, ilisema majibu ya maabara ya washukiwa wote hayakuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dk Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa mgonjwa mmoja wa Kagera amethibitika kuwa na virusi hivyo.

Inawezekana kabisa kila mmoja alisema alichokijua siku ile aliyosema. Maabara hupokea sampuli mpya, majibu hubadilika. Lakini mzazi wa Muleba hakuwa na maabara. Alikuwa na simu, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na taarifa inayosema upo, nyingine inayosema haupo, halafu nyingine tena inayosema upo. Katikati ya hizo akasikia mtu mtulivu anayejiita daktari, asiyebadilisha maneno yake.

Na hii si mara yetu ya kwanza. Machi 2023 watu walikufa Bukoba Vijijini, kwenye kata za Maruku na Kanyangereko, na kwa siku kadhaa tulisikia tu kuwa kuna "ugonjwa usiojulikana". Tarehe 21 mwezi huo Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, akautaja kwa jina: Marburg, mara ya kwanza kuthibitishwa Tanzania. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Victoria, akaugua baada ya kufika kijijini kwao. Wanafamilia wake waliugua, wahudumu wa afya wakaugua. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Juni 2 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa tisa na vifo sita. Katika zile siku za "usiojulikana", mitaani Bukoba nilisikia majina mengine mengi ya ugonjwa huo, na mengi yalikuwa ya mtu fulani aliyesemekana kumroga mtu fulani.

Wazee wetu wanakumbuka jina la zamani zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa hapahapa Kagera, Hospitali ya Ndolage, ambayo ipo Muleba. Kabla neno Ukimwi halijafika, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Ilisemekana ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa kwenye biashara, kwamba anayekonda ndiye aliyekula fedha za watu. Hapakuwa na WhatsApp. Uvumi ulisafiri kwa mitumbwi, kwa miguu na kwenye vilabu vya rubisi, na ulisafiri vizuri tu. Mwaka 1987 watafiti walipopima watu wazima Bukoba Mjini walikuta zaidi ya 24 kati ya kila 100 wana virusi. Miaka ya kwanza watu waliendelea kumtafuta mchawi, wakati mwingine ndani ya nyumba ya marehemu mwenyewe, kwa mjane.

Bibi yangu alikuwa akisema hivyo vifo vya Juliana vilikuwa na masikitiko mawili, la kufa na la kusemwa.

Je, kusambaza ni kosa?

Kwenye makundi ya wazazi swali hili huzuka kila mara, na majibu huwa makali. Mmoja anasema msimamizi wa kundi atafungwa. Mwingine anasema ukiandika "nimeituma kama nilivyoipokea" hakuna wa kukugusa.

Nimekisoma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kinamzungumzia mtu anayechapisha taarifa kwenye mfumo wa kompyuta akijua kuwa ni ya uongo, ya udanganyifu, inayopotosha au isiyo sahihi, na akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Msimamizi wa kundi hatajwi kwenye kifungu hicho. Wala hayatajwi maneno ya kinga ya "kama nilivyoipokea". Kinachotajwa ni kujua na kukusudia, na hayo ni mambo ya kuthibitishwa mahakamani, si kwenye kundi la chekechea.

Kuna sheria nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Habari za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa. Ile picha ya mgonjwa akiwa juu ya machela, au jina la familia iliyowekwa karantini, ni habari ya mtu mwenye haki zake. Mwaka 2023 walioishi karibu na familia zilizofiwa walijua maana yake bila kusoma sheria. Ukisema unatoka Maruku, mwenzako kwenye daladala anasogea dirishani.

Maoni yangu binafsi ni kwamba sheria ya uongo wa mtandaoni huwatisha zaidi waulizaji kuliko waongo. Yule "daktari wa Mwanza" hakutaja jina lake na hajulikani alipo. Mama aliyetaka kuuliza hadharani kama kweli watoto wanachukuliwa ndiye aliyenyamaza asije akaambiwa anazua taharuki. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilipotoka wakati wa korona, zilikuwa na kipengele kinachozuia kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Mwaka huohuo takwimu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509, na zaidi ya mwaka mmoja ukapita bila kutolewa mpya. Mtu aliyezoeshwa kwamba taarifa rasmi inaweza kukatika ghafla atakuwa na masikio mepesi kwa isiyo rasmi. Hilo halimwondolei lawama anayetunga uongo. Ila tukitaka dada yangu amwamini waziri, waziri lazima awahi kufika kuliko ile sauti.

Kilichokuwa kinamwua mtoto

Alfajiri ya Jumapili walifika kituo cha afya. Getini walipimwa joto kwa kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, wakaulizwa wametoka wapi, kama kuna mgonjwa au msiba nyumbani, kama mtoto anatokwa damu popote. Muuguzi alivaa glavu na barakoa. Dada anasema moyo ulimdunda kwa kuona barakoa tu. Kisha mtoto akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya muda mfupi mistari ikatokea miwili.

Malaria kali. Alichomwa sindano ya artesunate, akalazwa, na mama yake alilala pembeni ya kitanda chake siku zote tatu. Hakuna aliyemnyang'anya mtu yeyote. Jumatatu, Rais alipokuwa akitangaza kwamba Marburg imethibitika Kagera, mtoto alikuwa ameketi kitandani akidai ndizi.

Hapa ndipo ninapotaka mzazi anielewe vizuri. Mlipuko ule wa Januari ulipotangazwa kuisha, Machi 13, 2025, idadi ya wagonjwa ilikuwa 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kuwa yawezekana kabisa waliugua. Wote 10 walifariki. Ni ugonjwa wa kutisha na sitaki kuupunguza. Lakini ulikuwa ugonjwa wa watu 10.

Malaria Muleba ni ugonjwa wa kila nyumba. Kuna utafiti mkubwa wa vyandarua uliofanyika Muleba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la kitabibu la The Lancet. Watafiti walilinganisha chandarua cha kawaida chenye dawa na kile kilichoongezewa kiambata cha PBO, kinachovunja usugu wa mbu dhidi ya dawa. Baada ya miezi 21, katika vijiji vilivyopewa chandarua cha kawaida, watoto 62 kati ya 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye vijiji vya PBO walikuwa 45. Matokeo ya Muleba ndiyo yaliyoifanya WHO ivikubali vyandarua vya PBO, na sasa vinatumika nchi nyingi za Afrika. Tunapaswa kujivunia, ingawa ukipita ufukweni utavikuta vingine vimeanikiwa dagaa.

Angalia tena takwimu hizo. Hata chini ya chandarua kizuri, karibu nusu ya watoto walikuwa na vimelea. Kwa hiyo mtoto wa Muleba akiwa na homa, jambo la kwanza la kufikiriwa ni malaria, na malaria ya aina inayopatikana kwetu inaweza kugeuka kali ndani ya saa 24 isipotibiwa. Sauti iliyomfanya dada aogope ugonjwa wa watu 10 ilimfanya akae siku mbili na ugonjwa unaoua watoto kila msimu wa mvua. Kile kilichotokea Jumamosi usiku, ambacho mama mkwe alidhani ni dege la usiku limempitia mtoto, ni degedege, na mara nyingi kwetu linaletwa na homa kali au malaria iliyopanda kichwani. Mubirizi ni mchungu na wengi tumekuzwa nao. Si kipimo.

Dalili za mwanzo za Marburg zinafanana na za malaria: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, mwili kulegea, misuli kuuma. Baadaye ndipo kuharisha, kutapika, na kwa baadhi kutokwa damu. Kwa macho huwezi kuzitenganisha siku ya kwanza, wala mimi siwezi, wala bibi hawezi. Inatenganishwa na damu iliyopimwa. Kwa hiyo hata kama hofu yako ni Marburg, njia ni ileile ya kuelekea kituo cha afya.

Na kuwahi kunabadilisha mambo hata kwa Marburg yenyewe. Jirani zetu Rwanda walipata mlipuko Septemba 2024. Waliugua watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, wakafariki 15. Ni vifo vichache ukilinganisha na milipuko mingi iliyotangulia, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba wagonjwa walitambuliwa mapema na kupewa uangalizi wa karibu, pamoja na dawa zilizokuwa bado kwenye majaribio.

Popo, chanjo na maji ya chumvi

Madai mengine yaliyopita kwenye kundi letu mwezi ule nitayagusa kwa haraka, kwa sababu yatarudi.

Kwamba Marburg imeletwa na chanjo: hakuna chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa kutumika kwa umma. Zipo za majaribio, Rwanda waliijaribu moja. Kadi ya mtoto wako haina chanjo hiyo.

Kwamba unaambukizwa kwa kupita karibu na mgonjwa: virusi huingia kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, au matandiko yaliyochafuliwa nayo. Ndiyo maana wanaougua ni wauguzi, wanaouguza nyumbani na wanaoosha maiti.

Kwamba tuwaue popo wote: anayehusishwa na virusi hivi ni popo mla matunda wa aina moja anayeishi kwenye mapango na migodi. Uganda, kwenye mgodi wa Kitaka, wachimbaji waliugua mwaka 2007, na baadaye popo wakaangamizwa. Popo walirudi. Watafiti walipowapima mwaka 2012 walikuta kiwango cha maambukizi kati yao ni zaidi ya mara mbili ya kile cha zamani. Mwaka huohuo Uganda ikapata mlipuko mwingine. Mkataze mtoto kuingia pangoni kuokota au kurusha mawe, inatosha.

Kwamba kunywa maji ya chumvi ni kinga: uvumi huu ulipita Nigeria wakati wa Ebola mwaka 2014, na watu walikufa kwa chumvi, si kwa Ebola. Anayekuletea ujumbe huo, mwambie hivyo.

Ukipokea sauti ya namna hii, tazama juu yake kwanza. Ikiwa na mishale miwili, maana yake imeshapita mikononi mwa watu wengi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu kuituma kwa zaidi ya kundi moja kwa wakati. Nani anazungumza? Ana jina? Anataja siku? Yule wa kwetu hakutaja hata tarehe, kwa hiyo sauti yake inaweza kutumika tena kwenye mlipuko wowote ujao bila kubadilishwa neno. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Na ukitaka kuuliza kundini, andika swali lako kwa maneno, usiambatanishe sauti yenyewe. Hilo nimelijua kwa gharama ya mtoto wa watu.

Nilikwenda Kamachumu Jumamosi iliyofuata. Nilimwomba dada msamaha mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo halikuwa rahisi kama ninavyoliandika. Dada alisema, "Mdogo wangu, hukunishika mkono nisiende. Ila siku nyingine ukiuliza, ngoja ujibiwe kwanza ndipo utume." Mama mkwe alicheka, akaniongezea kahawa.

Mwezi uliopita mtoto alipata homa tena. Kwenye kundi la familia shangazi alikuwa ametuma sauti mpya, safari hii inahusu vyandarua na nguvu za kiume, na wajomba walikuwa wameshaanza kubishana. Nilimpigia dada kumwuliza kama ameisikia. Nilisikia kelele za pikipiki. Alikuwa njiani kuelekea zahanati, mtoto mgongoni, akaniambia tutaongea akirudi.